Jenerali Carl von Horn, Mswidi wa UN aliyepita Jerusalem, Kongo na Yemen: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukianza tu kuongelea kifo cha Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, lazima atokee mtu aulize, kwani UN si walikuwepo na bunduki zao? Walikuwepo, tena maelfu, na kwa miezi mitano hivi aliyekuwa anawaongoza ni jenerali mmoja kutoka Uswidi ambaye huku kwetu hata hatajwi. Haya ndo maswali yanayorudi kila stori yake ikiguswa. Penye maoni yangu mtayaona tu, sijayaficha.

Kwani huyu von Horn ni nani hasa?

Carl von Horn, amezaliwa 1903 amefariki 1989, mtoto wa ukoo wa kikabaila kule Uswidi, akaanza uafisa kwenye jeshi la wapanda farasi enzi hizo farasi bado ni kitu jeshini. Baadaye akawa mwambata wa kijeshi Oslo na Copenhagen, akapanda vyeo taratibu nyumbani mpaka 1958 UN ilipomchukua. Kuanzia hapo ndani ya miaka mitano ameongoza operesheni tatu: waangalizi wa Jerusalem (UNTSO), jeshi zima la UN Kongo (ONUC) kuanzia Julai 1960 mpaka Disemba, akarudi Jerusalem, halafu 1963 akapelekwa Yemen (UNYOM) na huko akaachia ngazi kwa hasira. Watu wengi wanamjua kwa Kongo tu, ila mimi nadhani ukitaka kumwelewa anza na Jerusalem malizia Yemen, Kongo ikae katikati.

Alishawahi kupigana vita?

Hapana. Wala yeye wala maafisa wenzake wa rika lake, manake Uswidi haijaingia vitani tangu 1814, hata vita vya pili vya dunia ilijikalia pembeni. Kuna watu wanalitumia hili kumcheka, eti jenerali wa gwaride, lakini wakati ule ndo UN ilikuwa inatafuta mtu wa aina hiyohiyo, mtu ambaye hakuna upande unaoweza kusimama useme huyu aliniulia ndugu zangu.

Kwa nini Mswidi, asiwe Mwafrika au Mmarekani?

Marekani na Urusi walikuwa kwenye vita baridi kwahiyo hao wametolewa mapema, wakoloni nao huwezi kuwaweka Kongo wakati Mbelgiji ndo kesi yenyewe. Uswidi haikuwa na koloni Afrika, haikuwa NATO (imejiunga Machi 2024), ina jeshi lenye nidhamu na inakubali kulipa. Na msisahau Katibu Mkuu wa UN mwenyewe, Dag Hammarskjöld, alikuwa Mswidi. Kabla yake kulikuwa na Folke Bernadotte, naye Mswidi, msuluhishi wa UN aliyepigwa risasi Jerusalem Septemba 1948, kwahiyo kwa Waswidi hii kazi ilishakuwa na kaburi tayari.

Ila ile hoja kwamba Waswidi walikuwa "safi kabisa" na Kongo nayo tuipunguze kidogo. Enzi za mfalme Leopold wa Ubelgiji maafisa kibao kutoka nchi za Skandinavia walienda Kongo kufanya kazi kwenye dola lake, na wamisionari wa Kiswidi walikaa Kongo ya chini miaka na miaka. Hawakuwa wageni kiasi hicho.

Jerusalem alikuwa anafanya kazi gani?

Kuhesabu risasi na kuandika ripoti, kwa lugha ya kejeli. UNTSO ilianza 1948 wakati wa vita vya kwanza vya Israel na Waarabu, na baadaye kulikuwa na kamati nne za kusimamia mapatano, moja ya Israel na Misri, nyingine Israel na Jordan, na Lebanon, na Syria. Waangalizi wake hawabebi silaha. Kukitokea mtu kavuka mstari na mbuzi zake akapigwa risasi, mwangalizi anaenda, anapima, anahoji pande zote mbili, kila upande unaapa ni mwenzake alianza, ripoti inaenda New York.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha ilivyokuwa. Mlima Scopus ulikuwa kijisehemu cha Israel katikati ya eneo la Jordan, una chuo kikuu na hospitali, na polisi wa Israel waliokuwa wanaulinda ilibidi wabadilishwe kwa msafara wa magari kila baada ya wiki mbili chini ya usimamizi wa UN, na kila kinachopanda kinakaguliwa, ugomvi mpaka kwenye mapipa ya mafuta. Tarehe 26 Mei 1958, von Horn akiwa na miezi michache tu kazini, risasi zikalia pale mlimani, na mwenyekiti wa kamati ya Israel na Jordan, Luteni Kanali Flint wa Kanada, akatoka na kitambaa cheupe kwenda kuwachukua majeruhi. Akauawa na kitambaa chake mkononi, polisi wanne wa Israel nao wakafa siku hiyohiyo. Bosi wa operesheni anachoweza kufanya hapo ni nini? Kuandika ripoti.

Ukiangalia hivi utaelewa jamaa alifundishwa kazi ya UN kwenye sehemu ambayo mstari upo, ramani ipo, kila mtu anajua nani ni nani. Alikuwa mkaguzi mzuri. Hilo naliweka wazi mapema kabla hatujafika Kongo.

Kongo alifikaje?

Kongo ilipata uhuru 30 Juni 1960, tarehe 5 Julai askari wa Force Publique, jeshi la Kongo lililoachwa na mkoloni, wakaasi, na sababu mojawapo ni kamanda wao Mbelgiji, Jenerali Janssens, kuwaandikia ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawasawa na baada ya uhuru. Hebu fikiria, nchi ina siku tano unawaandikia askari maneno hayo. Wazungu wakaanza kukimbia, wengine wakavukia Uganda mpaka Nairobi, Ubelgiji ikarusha makomando bila kuombwa, tarehe 11 Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga, akatangaza Katanga ni nchi yake, tarehe 14 Baraza la Usalama likapitisha jeshi la UN liende.

Von Horn akaitwa kutoka Jerusalem na maafisa wachache aliowabeba hukohuko, akatua Leopoldville (Kinshasa ya leo) 18 Julai. Siku hiyo walishafika wanajeshi kama 3,500 kutoka Ethiopia, Ghana, Moroko na Tunisia. Yaani jeshi limetangulia na kamanda amefuata nyuma! Kabla hajafika aliyekuwa anashikilia ukamanda ni Ralph Bunche, raia, Mmarekani mweusi mwenye Nobeli ya amani, mtu mwenye akili sana lakini si mwanajeshi.

Kwa nini watu wanasema alishindwa kazi Kongo?

Hapa ndo penyewe, ngoja nikae.

Kwanza hakukuwa na makao makuu, ilibidi yaundwe palepale huku vita inaendelea, baadaye wakahamia kwenye jengo la ghorofa linaitwa Le Royal. Kila nchi ilikuja na redio zake, bunduki zake, chakula chake, lugha yake. Ofisi inaongea Kiingereza, nchi inaongea Kifaransa, askari wa Kongo wanaongea Kilingala, ukienda Katanga na mashariki ni Kiswahili. Ilibidi waletwe mafundi wa mawasiliano wa Kanada kwasababu wanajua Kiingereza na Kifaransa vyote, na hao nao 18 Agosti wakapigwa na askari wa Kongo pale uwanja wa ndege wa Ndjili.

Pili, ukamanda wenyewe. Kwenye karatasi yeye ndo mkubwa, lakini juu yake kuna mwakilishi wa Katibu Mkuu ambaye ni raia, akaanza Bunche, akaja Cordier, akaja Dayal wa India, watatu ndani ya miezi miwili tu. New York kuna mshauri wa kijeshi, Brigedia Rikhye, naye anaongea moja kwa moja na Hammarskjöld. Na kila kikosi kina serikali yake nyumbani inayopiga simu, Nkrumah ana yake, Nasser ana yake, Mfalme wa Moroko ana yake. Ni daladala ya makonda kumi, kila mmoja anagonga bodi kwenye kituo chake, na abiria wote wanamlaumu dereva.

Tatu, sheria ya bunduki. Wakati wake UN haikuruhusiwa kupiga risasi isipokuwa kujilinda, na haikuruhusiwa kuingilia siasa za ndani. Ruhusa ya kutumia nguvu kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe imekuja Februari 1961, yeye ameshaondoka na Lumumba ameshakufa.

Sasa hayo yote ni kweli, lakini na yeye mwenyewe alichangia. Alikuwa mtu wa itifaki, anataka amri ipite ngazi kwa ngazi, anaudhika haraka raia akimruka, na Kongo ya 1960 ilitaka mtu wa kucheza na fujo sio wa kuipanga. Yeye na Dayal hawakupikika chungu kimoja, na kila mmoja baadaye alimwandika mwenzake vibaya.

Ugomvi wake na Jenerali Alexander ulikuwa wa nini?

Henry Alexander alikuwa Mwingereza anayeongoza jeshi la Ghana, na aliwahi Leopoldville kabla ya von Horn. Alichofanya, aliwashawishi askari wa Kongo walioasi waweke bunduki zao chini, na wengi wakaweka! Halafu uongozi wa UN ukasema hapana, hatuwezi kunyang'anya jeshi la nchi huru silaha bila serikali yao kukubali, bunduki zikarudishwa. Alexander hakusahau na hakunyamaza, akamlaumu von Horn na Bunche wazi wazi.

Mimi nipo katikati kwenye hili. Kisheria UN ilikuwa sahihi, hao ni wageni wa serikali ya Lumumba. Ila askari wale wale ndo waliokwenda jimbo la Kasai mwezi uliofuata, kwenye mji wa Bakwanga wakaua raia wa Kiluba, na askari wale wale ndo aliowatumia Mobutu kuchukua nchi 14 Septemba. Hesabu ifanye mwenyewe.

Je von Horn ndo alimwacha Lumumba auawe?

Swali linaulizwa kuliko yote na jibu refu. Lumumba alikuwa nyumbani kwake Leopoldville, askari wa UN wamezunguka nyumba kumlinda, nje yao wamezunguka askari wa Mobutu kumkamata. Usiku wa 27 Novemba akatoroka kwenda kwa watu wake Stanleyville (Kisangani ya leo). Kabla ya hapo, mwanzoni mwa Septemba, UN ilishafunga viwanja vya ndege na kituo cha redio, uamuzi wa Cordier huo, na ulimuumiza Lumumba kuliko mpinzani wake, rais Kasavubu, kwasababu Kasavubu alikuwa na redio ya Brazzaville ng'ambo ya mto ya kuongelea.

Lumumba akakamatwa kwenye mto Sankuru mwanzoni mwa Disemba. Msimamo wa UN ulikuwa kwamba akiwa ndani ya nyumba tunamlinda, akitoka kwa hiari yake sisi hatumo, na akishakuwa mikononi mwa jeshi la Kongo hatuwezi kumpora. Von Horn alikuwa bado ni kamanda siku hizo, kwahiyo jina lake lipo ndani, huwezi kulitoa. Lakini ule msimamo ulitoka kwa wanasiasa, kwa Dayal na New York, na hiyo sio kumsafisha, ni kusema tu kwamba ukimtafuta mhusika mkuu kwa sare za jeshi utapita njia siyo. Alipouawa kule Katanga 17 Januari 1961 kamanda alishakuwa mwingine.

Niemba ni nini na inahusianaje naye?

Niemba ni kijiji kaskazini mwa Katanga, ukitoka Kalemie (wakati ule Albertville, ng'ambo ya ziwa kutokea Kigoma) unaingia ndani. Tarehe 8 Novemba 1960 doria ya Waayalandi 11 ilikwenda kukagua daraja, wakakutana na vijana wa Kiluba wenye mishale na mapanga, wakauawa 9. Inasemekana waliwadhania ni mamluki wa Tshombe, manake kwa mwanakijiji aliyechomewa nyumba na wazungu wenye sare, mzungu mwenye sare ni mzungu mwenye sare. Ayalandi nzima ilisimama kwenye mazishi. Ilikuwa chini ya ukamanda wa von Horn na ndo ilionyesha kwamba doria ndogo ya kirafiki, ile ya Jerusalem ya kwenda kuongea na watu, kule haikufanya kazi.

Alifukuzwa?

Rasmi, hapana. Muda uliisha, akarudi Jerusalem, nafasi akaichukua Luteni Jenerali Seán MacEoin wa Ayalandi mwanzoni mwa 1961. Kiukweli New York walishachoka naye na yeye alishawachoka. Kumrudisha mtu kwenye kiti chake cha zamani ni njia ya heshima ya kumtoa, makampuni yanafanya hivyo mpaka leo.

Na Waswidi wengine Kongo, walikuwepo?

Wengi, zaidi ya 6,000 kwa miaka yote minne, 19 hawakurudi hai. Wa kwanza walitolewa Gaza walikokuwa tayari na UN, na ndo hao Hammarskjöld aliingia nao Elisabethville tarehe 12 Agosti 1960, Katibu Mkuu mzima ndani ya ndege na askari wa nchi yake mwenyewe, mbele ya Tshombe. Elisabethville ndo Lubumbashi ya leo, mji wa Kiswahili. Mwaka uliofuata kambi ya wakimbizi wa Kiluba ikafumuka pembeni ya mji, maelfu kwa maelfu, na Waswidi wakawa walinzi wake, kazi ambayo hakuna aliyewafundisha: kugawa unga, kuamua ugomvi wa maji, usiku kufukuzana na magenge ya vijana wa mlemle kambini. Oktoba 1961 Uswidi ikaleta na ndege za kivita, zile za kunenepa tumboni zinaitwa J 29 na wenyewe wanaziita pipa, na hizo mwishoni mwa 1962 ndo zilisaidia kuliteketeza jeshi la anga la Tshombe pale Kolwezi.

Yemen ilikuwaje mpaka akaacha kazi?

Septemba 1962 wanajeshi Yemen walimpindua imamu, Misri ikaleta jeshi kuwasaidia wanamapinduzi, Saudia ikampa imamu hela na silaha kupitia mpakani. Juni 1963 Baraza la Usalama likaidhinisha kikosi cha waangalizi: Wayugoslavia kama mia na kitu na magari yao, marubani wa Kanada, na waangalizi wachache wa kijeshi, wasimamie eneo lisilo na silaha la kilomita 20 kila upande wa mpaka, milima na jangwa. Kazi yao kuangalia tu, hawana ruhusa ya kuzuia kitu. Mchana wanakagua misafara ya ngamia, usiku ngamia wenye mzigo wa kweli ndo wanapita.

Na hela? UN ilikuwa imefilisika kwasababu ya Kongo, Ufaransa na Urusi walikataa kulipia ile operesheni, kwahiyo Yemen wakakubaliana Saudia na Misri wenyewe walipe nusu kwa nusu, tena kwa miezi miwili miwili. Wapiganaji ndo wanamlipa refa! Von Horn alilalamika chakula hakitoshi, ndege hazitoshi, watu hawatoshi, New York wakaona anadeka, Agosti 1963 akajiuzulu. Alidumu wiki kadhaa tu. Hapa mimi nipo upande wake. Alichokisema kuhusu vifaa kilikuwa kweli, ila alikisema kwa namna ya mtu ambaye hajasikilizwa kwa miaka mitatu, na mtu wa hivyo hata akisema kweli anasikika analalama. Kikosi kikafungwa Septemba 1964, Wamisri wakiwa bado wapo Yemen.

Baada ya hapo alifanya nini?

Akarudi Uswidi, na 1966 akatoa kitabu cha kumbukumbu kinachowachana wakubwa wa UN mmoja mmoja. Kisomeni lakini mjue ni kesi ya upande mmoja, kama vitabu vyote vya majenerali waliostaafu na kinyongo.

Uswidi iliendelea kutoa makamanda?

Ndio. Dennis Gyllensporre aliongoza jeshi la UN Mali 2018 hadi 2021. Na 2003 makomando wa Kiswidi walikuwa Bunia, Ituri, chini ya Umoja wa Ulaya sio UN, kwahiyo Kongo ya Kiswahili wamerudi hata baada ya Katanga.

Kuna kamanda wa huku kwetu aliyekutwa na kitu kama hiki?

Johnson Mogoa Kimani Ondieki wa Kenya. Alikuwa kamanda wa UN Sudan Kusini, mapigano ya Juba ya Julai 2016 yakatokea, uchunguzi ukasema walinda amani hawakulinda raia, Novemba Ban Ki-moon akamfukuza. Kenya ikakasirika ikatoa wanajeshi wake, ikisema kosa ni la mfumo mzima na anabebeshwa mtu mmoja. Soma malalamiko ya von Horn ya 1960 kisha soma taarifa ya Kenya ya 2016, ni wimbo uleule. Tofauti ni kwamba Mswidi alirudishwa kwenye kiti chake Jerusalem na Mkenya akapewa barua.

Walinda amani wanalipwa vizuri?

Inategemea unauliza nani. Kwa askari wa kikosi UN inailipa serikali yake, kuanzia 2018 ilikuwa dola 1,428 kwa kichwa kwa mwezi, na serikali ndo inaamua askari apate ngapi. Mwangalizi wa kijeshi yeye anapata posho ya kujikimu moja kwa moja kutoka UN mkononi mwake, ndo maana nafasi za uangalizi zikitangazwa maafisa wote ghafla wanakumbuka Kifaransa chao cha shule.